Kopo la Kumi na Moja

Kidaftari kilikuwa kikavu, na hakikuwa na jina la mtu hata mmoja. Hilo ndilo lililomnyima Inspekta raha tangu asubuhi. Alikifungua mara ya tano juu ya meza ya banda la mitumbwi, ukurasa kwa ukurasa, utadhani jina lingejiandika akigeuka pembeni. Kando yake lilikaa kopo lenyewe, la plastiki, la mfuniko wa kubana, aina ya yale ya kuwekea sukari, limezungushiwa utepe mweusi. Ndani mlikuwa na kipande cha penseli, samaki wa bati wa kutungia funguo, filimbi, na vifungo vitatu vya shati.

Koplo, aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyekwisha kuona kila aina ya ujinga isipokuwa huu, alivichokoa vile vifungo kwa kidole.

"Afande, watu wazima wanapiga kafi saa nzima kutafuta vifungo?"

"Hawatafuti vifungo. Wanatafuta kopo."

"Kopo lenye vifungo."

"Koplo."

"Nimenyamaza."

Mchezo wenyewe Inspekta alikuwa ameuelewa jana, baada ya kuelezwa mara mbili. Mtu anaficha kopo, anapima mahali alipolificha, anatia namba za mahali hapo kwenye ukurasa wa mchezo katika simu. Wengine wanazifuata namba. Anayelikuta kopo anaandika jina lake la mchezo kwenye kidaftari, akipenda anachukua kitu kimoja na kuacha kingine, kisha analirudisha palepale. Wa kwanza kuandika ndiye mwenye kutamba. Kwenye kijito hiki, chembamba kiasi kwamba matawi ya upande huu yanashikana mikono na ya upande ule, makopo hayafikiwi kwa miguu. Yanafikiwa kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja. Makopo kumi yalikwisha kupatikana, na katika vidaftari vinane kati ya kumi jina la kwanza lilikuwa Mdiria, kwa jina la yule ndege mvuvi. Mdiria huyo ndiye aliyeondoka juzi saa nane mchana kulifuata kopo la kumi na moja. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mfamasia, mtoto pekee wa mama yake. Hakurudi.

Jana alfajiri kayaki yake ilikutwa chini ya daraja, imepinduka, imenasa kwenye vyuma. Mwenye kopo, mzee mmoja mpima ardhi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mzee Mpima, aliwaongoza wapiga mbizi mwenyewe mpaka pale alipoliweka, kwenye kona ya tatu, chini ya mizizi ya mti ulioanguka. Kopo walilikuta kwa dakika tatu. Jina la Mdiria halikuwamo. Basi mkuu wa wapiga mbizi akakata shauri: alipinduka kabla hajalifikia, maji yamemchukua, yuko chini ya mizizi mahali fulani kati ya kona na daraja. Tangu hapo walikuwa wakimtafuta huko, na bwawa la juu lilikuwa limefungwa lango kwa ajili yao, maji yapungue wapate kuona.

Mkuu huyo sasa alikuwa mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Afande, saa kumi mtu wa lango anafungua. Bwawa limejaa pomoni, hawezi kulizuia zaidi. Maji yakishuka na nguvu ile, siwezi kuacha watu wangu mtoni." Akapunguza sauti. "Itabidi tungoje aibuke mwenyewe."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa saba na robo. Hakupenda neno lile "aibuke", na alizidi kulichukia alipokumbuka kwamba nje ya dirisha alikuwa amekaa mama mtu.

Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia bado ilining'inia shingoni. Aliitwa akiwa kazini na hakukumbuka kuivua. Alikaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, akitazama maji kama mtu anayengoja mteja aliyechelewa. Inspekta akakaa kando yake.

"Mama, nisamehe kwa kurudia. Juzi alipoondoka alivaa nini?"

"Si nilisema jana, mwanangu? Suruali ya bluu, fulana nyeupe, na lile boya la kifuani."

"Miguuni?"

"Miguuni hakuna. Kwenye kile chombo chake huwa yu peku. Viatu anavitia kwenye mfuko wa manjano usioingia maji, pamoja na simu na chupa ya maji. Mfuko anausukuma kwenye kile kishimo cha nyuma, anakaza kifuniko. Mimi mwenyewe nilimshikia."

Inspekta aliinuka taratibu. Kayaki ilikuwa hatua kumi kutoka hapo, imelazwa majanini tangu jana, na kila askari aliyepita alikuwa ameitazama. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimekazwa barabara. Alikizungusha kwa mikono miwili mpaka kikatoa mlio. Ndani mlikuwa mkavu, tena mtupu.

"Koplo, njoo. Wewe umezama."

"Mungu apishe mbali."

"Chombo kimepinduka, unatapatapa, maji yanakuchukua. Mfuko wako uko wapi?"

"Si umo humo ndani."

"Haumo."

Koplo alichungulia. "Basi kuna mtu kautoa. Mwizi."

"Mwizi angechukua na chombo, ambacho kinauzika. Tena baada ya kutoa mfuko, nani akaze kifuniko hivi? Huyu ni mtu anayejali chombo chake. Alifika mahali, akatoa mfuko, akafunga, akavaa viatu. Alikusudia kutembea."

"Kule kwenye kopo?"

"Kule kwenye kopo unatembea juu ya nini?" Inspekta alikuwa amekwenda kona ya tatu asubuhi, na buti zake bado zilikuwa na ushahidi. Ukingo ni ukuta wa udongo wa kimo cha watu wawili, na chini ya mizizi maji ni marefu. Kopo lile unalichukua umekaa palepale kwenye kayaki, unanyoosha mkono tu. "Alishuka mahali pengine. Na chombo kilikwenda na maji baadaye, bila yeye."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Aliyasikia yote.

"Yu hai?"

Inspekta hakuwa na tabia ya kuwapa watu maneno matamu ambayo kesho angelazimika kuyarudisha. "Sijui, Mama. Ninachojua ni kwamba alishuka chomboni akiwa mzima."

"Basi mbona mnamtafuta majini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku mbili zile, na Inspekta aliona haya kwamba halikuwa lake.

*

Kati ya makopo kumi, mawili yaliyobaki yalikuwa na jina la kwanza la mtu mmoja: Kenge. Usiku wa kuamkia juzi aliandika kwenye ukurasa wa mchezo: *Mdiria, safari hii ukinitangulia tutajuana.* Asubuhi yake, saa tatu, akaandika tena: *Nimefika. Nimetafuta saa nzima. Hakuna kopo. Mwenye nalo ana utani mbaya.* Na Mdiria akamjibu: *Pole Kenge. Duka zima la miwani na bado huoni! Mchana nakuonyesha.*

Kwa kuwa Kenge alikuwa fundi wa miwani. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vioo pande zote, na mwisho wake bango la herufi, kubwa juu na chini ndogo kama mchanga. Alikuwa akisugua kioo cha mteja kwenye jiwe linalozunguka. Alipoona sare ya Koplo, kioo kikamponyoka.

Inspekta alimkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, uso kwa bango. Yeye akasimama.

"Kwa nini Kenge?"

"Si wanasema, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo? Wale wana vyombo vya bei mbaya. Mimi changu nimekinunua kimetumika, kina kiraka."

"Tutajuana maana yake nini?"

"Utani, Afande. Sisi tunataniana hivyo. Mdiria ananishinda kila siku, nimeshazoea. Tangu jana sijala, wallahi."

"Ulisema umefika kwenye kopo."

"Nilifika."

"Ukatafuta saa nzima."

"Saa nzima na dakika kumi."

"Mpiga mbizi, ambaye hajui mchezo huu hata jina, kalikuta kwa dakika tatu. Halikufichwa ndani sana." Inspekta akainama kidogo. "Nina njia mbili za kulielewa jambo hili, fundi. Ama hukufika, ukaandika uongo. Ama ulifika, ukaliona, ukataka mwenzako aje asilione, na ukamngoja. Nichagulie."

Koplo alikwisha kusogea kwenye mlango. Fundi alipiga magoti kwa macho tu, kiti kikimzuia.

"Nilifika! Nina picha! Mimi nikifika mahali napiga picha kwanza, waulize wote." Alihangaika na mfuko, akatoa simu, akaipekua. "Hii. Tazama na saa yake. Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi."

Picha ilionyesha ukuta wa matofali uliobomoka, bomba refu la moshi, refu kama minara miwili, na lundo la vigae vilivyovunjika vikiota majani. Inspekta aliitazama muda mrefu.

"Hapa ni wapi?"

"Si hapo kwenye kopo!"

"Kwenye kopo hakuna bomba la moshi."

"Afande, samahani, wewe umefika kweli?"

Koplo akakohoa kuficha kicheko. Inspekta alinyanyua mguu, akamwonyesha buti lenye udongo. "Asubuhi ya leo. Kuna mti ulioanguka na ukuta wa udongo. Tofali hakuna hata moja."

Wakatazamana. Inspekta alikuwa amehoji waongo kwa miaka kumi na tisa, na aliwapanga katika mafungu kama muuza mitumba. Wapo wanaotoa jasho, wapo wanaocheka, na wapo wanaokutazama machoni kwa sababu wameambiwa mwongo hatazami machoni. Uso aliokuwa akiuona haukuwa katika fungu lolote. Ulikuwa uso wa mtu asiyeelewa, na yeye mwenyewe alihisi ana uso huohuo.

"Nani alikupeleka hapo?"

"Simu. Namba za kopo. Nilizifuata mpaka ikaniambia nimefika."

"Nisomee."

Fundi akasoma, Inspekta akaandika. Nyuzi, yaani digrii, aliziruka, kwa kuwa eneo lote lile lina nyuzi zilezile. Tofauti ilikuwa kwenye dakika, ambazo kila nyuzi inazo sitini. Dakika kumi na nne nukta tatu nane. Na upande wa pili, dakika hamsini na mbili nukta sifuri tisa.

"Na mbona hukutuambia habari za bomba la moshi?"

"Hamkuniuliza. Watu walisema wapiga mbizi wako kwenye kopo, nikajua wako hapohapo nilipokuwa mimi." Akarudisha simu mfukoni. "Nyuma ya ule ukuta kuna mabanda, Afande, giza, sakafu za mbao zilizooza. Nilichungulia nikarudi. Nina watoto. Lakini Mdiria angeingia. Yeye mikono mitupu harudi, ndiyo maana ananishinda."

Saa nane na nusu. Inspekta alimshika fundi mkono akamwinua kwenye kiti.

"Funga duka. Unakuja na sisi."

*

"Anakudanganya," alisema Mzee Mpima.

Alikuwa amesimama kwenye gati dogo la mbao, kofia ya jua kichwani, mgongo umenyooka kama rula. Tangu jana hakuwa ameondoka pale ila kulala. Aliirudisha simu ya fundi bila kuitazama mara ya pili.

"Hicho ni kiwanda cha zamani cha vigae. Kiko upande wa juu wa kijito, karibu nusu kilomita kutoka kwenye kopo langu. Mimi ndiye niliyepima mipaka yake, kabla wewe hujaanza shule. Njia ya gari ilishamezwa na msitu, hakufikiki ila kwa maji. Namba zangu haziwezi kumpeleka mtu huko."

"Kapelekwa, Mzee."

"Basi alikuwa akiota. Alipoandika kwamba kopo halipo, nilicheka peke yangu. Nikasema huyu mvivu, haoni. Inspekta, miaka thelathini na nne nimepima ardhi za watu. Wamenishitaki mahakamani ndugu waliogombea ukuta, na hakimu akaleta wapimaji wengine watatu. Hawakunikuta na kosa la hatua moja."

Mkuu wa wapiga mbizi alikuwa akisikiliza, mikono kiunoni. "Afande, nina boti moja na watu wanne. Saa moja na dakika kumi imebaki. Siwezi kuitoa boti palipo na kopo kwa picha ya mtu ambaye ni mshukiwa wako."

Hakukosea, na Inspekta alilijua hilo. Watu wawili walikuwa wakizitaja sehemu mbili kwa kopo moja, na mmoja wao alikuwa ndiye mwenye kopo. Nani amwulize mwenye nyumba mlango uko wapi?

"Mzee, hizo namba ulizipata wapi? Kwa simu?"

"Simu ni ya kupigia." Alitoa mfukoni kitabu kidogo cha jalada gumu, kile ambacho wapima ardhi hutembea nacho porini. "Nimepima kwa kifaa changu cha kazi. Nimepima mara tatu, nikachukua wastani. Kisha nikaja nyumbani nikaziandika kwenye ule ukurasa wao, namba kwa namba. Kopo langu la kwanza, nisingelifanyia mzaha."

"Naomba kuona."

Alimfungulia. Penseli, mwandiko mwembamba uliosimama wima. Inspekta aliweka karatasi yake kando ya kitabu. Kumi na nne, thelathini na nane. Hamsini na mbili, sifuri tisa.

"Ni zilezile," alisema.

"Si nilikwambia?" alisema Mzee Mpima.

"Zilezile na za fundi, Mzee. Za simu yake."

Koplo alinyoosha shingo akasoma kwa zamu, kitabu, karatasi, kitabu. "Namba zilezile, na mahali pawili," alisema. "Basi dunia imesogea."

Inspekta hakucheka. Alikuwa ameona kitu kidogo sana, na alikuwa akiogopa kukikanyaga. "Mzee, hapa baada ya kumi na nne umeweka alama, mkwaju mmoja. Na baada ya thelathini na nane, mikwaju miwili. Maana yake nini?"

"Mkwaju mmoja ni dakika. Miwili ni sekunde. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua."

"Na kwenye simu, katikati yake kuna nukta."

"Ile nukta inajiweka yenyewe. Ukiandika kumi na nne, inakuja. Nilidhani ni ya kutenga tu, dakika huku, sekunde..."

Hakuimaliza. Alichukua simu ya fundi, safari hii akaisogeza karibu na uso.

"Sekunde ni ya sitini," alisema polepole. "Hii ni ya mia."

"Tufafanulie wengine tuliokimbia hesabu," alisema Koplo, lakini kwa upole.

"Nikikwambia nusu saa," alisema Mzee Mpima, akiwa bado anaitazama simu, "ni dakika thelathini. Sasa wewe ukaandika saa, nukta, thelathini. Mwingine akiisoma, hasomi nusu. Anasoma thelathini katika mia. Dakika kumi na nane tu. Atakuja kukungoja dakika kumi na mbili kabla." Aligeuza ukurasa mtupu, akatoa penseli. Akagawanya, akatoa, akazidisha. Hakuna aliyemharakisha, kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko mashine. "Thelathini na nane kwa sitini ni sitini na tatu katika mia. Wao wamesoma thelathini na nane. Tofauti ni robo ya dakika na kidogo. Ardhini..." Akapiga mstari chini ya jibu. "Mita mia nne na sabini. Kuelekea juu ya kijito."

Alifunga kitabu.

"Nimempeleka kiwandani," alisema. "Mimi."

Mtu wa kawaida asingelikosea kosa lile. Mtu wa kawaida angesimama kwenye mizizi, akabonyeza simu, na simu ingeandika yenyewe. Ilihitaji mtu mwangalifu kupita kiasi, mwenye kifaa chake, kitabu chake na miaka thelathini na nne ya sekunde kichwani, aipeleke nukta moja pasipo pake.

"Mzee, utalia baadaye," alisema Inspekta, na hakuwa na ubaya. "Mle kiwandani mna nini? Mtu akiingia kutafuta kopo, anaweza kuanguka wapi?"

Mzee Mpima aliinua kichwa. "Mashimo ya kuloweka udongo. Sita, marefu, yamefunikwa mbao. Yalikuwa yakijazwa kwa mfereji kutoka kijitoni. Maji yakipanda, yanaingia yenyewe." Kisha akageuka akamtazama mkuu wa wapiga mbizi, na wote wakaelewa kwa pamoja. "Lango."

Inspekta alikuwa ameshapiga simu. Mtu wa lango alipokea baada ya mlio wa saba, akitafuna kitu.

"Usifungue saa kumi," alisema Inspekta baada ya kujitambulisha. "Kuna mtu shimoni kwenye kiwanda cha vigae."

"Afande, mimi nafuata maagizo ya ofisi. Kuyabadilisha inatakiwa barua."

"Barua utaipata."

"Lini?"

"Ukifungua, utasomewa mahakamani. Usipofungua, nitakuletea mwenyewe kesho, yenye mhuri, na nitakushukuru mbele ya mkuu wako. Ipi?"

Kutafuna kukakoma. "Nusu saa zaidi, Afande. Ukuta wenyewe hauwezi zaidi ya hapo."

Mama alikuwa ameshasimama kwenye ncha ya gati, akitaka kupanda boti. Inspekta alimshika mabega. Nafasi ilikuwa ya watu sita tu, na ya sita ilikuwa ya binti yake. "Nikimfikia, sauti ya kwanza utakayoisikia ni yangu. Nikae kimya hata dakika moja baada ya kumwona, unishitaki." Mama aliitazama boti, akamtazama yeye, akarudi nyuma hatua moja.

*

Boti ya mpira ilipanda kijito kwa mashine, matawi yakiwachapa usoni. Koplo alikaa katikati kabisa, ameshika kamba pande zote mbili, macho ameyafumba. Wapiga mbizi wawili walikaa mbele, na fundi wa miwani nyuma, kwa kuwa ndiye aliyepajua mahali pa kushukia. Mzee Mpima alikataa kubaki. Akachukua kayaki yake na kuwafuata, akipiga kafi kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kwamba alikuwa nazo. Walipita kona ya tatu na mti ulioanguka bila kusimama.

Bomba la moshi lilitokeza juu ya miti kama alivyolipiga picha fundi. Ukingo hapa ulikuwa mteremko laini wa changarawe, na juu ya changarawe kulikuwa na mchirizi mpana wa kitu kilichoburutwa.

"Aliivuta hapa, hakuifunga kamba," alisema Inspekta. "Juzi jioni lango lilifunguliwa kidogo, kama kila siku?"

"Kila siku jioni," alisema mpiga mbizi. "Mpaka jana asubuhi tulipoomba lifungwe."

Basi maji ya juzi ndiyo yaliyoichukua kayaki na kuipeleka darajani. Na kama yangefunguliwa tena jana jioni, yangechukua na zaidi. Watu waliokuwa wakimtafuta mahali asipokuwapo walikuwa wamemzuilia maji kwa siku nzima bila kujua. Inspekta aliliweka wazo hilo kando, likae mpaka siku nyingine.

Kwenye udongo mwekundu nyuma ya ukuta kulikuwa na alama za viatu, ndogo, zimekwenda mbele tu. Zilizunguka banda la kwanza, zikaingia la pili, zikatoka. Huyu mtu alitafuta kwa utaratibu. Kwenye mlango wa banda la tatu ziliingia.

"Mdiria!" aliita fundi. "Mdiria!"

Hakuna jibu. Mbao za sakafu zilikuwa nyeusi, na katikati kulikuwa na mbao mbili zilizovunjika, mpasuko wake mweupe bado. Inspekta alijilaza kifudifudi, akajivuta mpaka ukingoni. Chini kulikuwa na giza na harufu ya maji yaliyolala. Kisha akasikia kigae kikigonga kigae, mara tatu, kwa udhaifu.

Tochi ilimkuta ameegemea pembe, maji yamemfika mapajani, boya la kifuani bado limefungwa, simu iliyolowa na kufa mkononi, mguu mmoja umekaa vibaya. Midomo ilikuwa ikienda lakini haikutoa kitu. Siku mbili za kupiga kelele zilikuwa zimeimaliza sauti yote.

"Tumekuona," alisema Inspekta. Akamulika mpaka chini, akarudia. "Tumekuona, mwanangu. Usijitikise."

Mpiga mbizi alishuka kwa kamba. Juu waliivuta wanne: mpiga mbizi wa pili, fundi, Mzee Mpima, na Koplo, aliyesahau kwamba haogopi chochote kama anavyoogopa mashimo yenye maji. Walipomlaza kwenye matofali, Mzee Mpima alipiga magoti kando yake, kofia mkononi.

"Kopo halikuwa hapa," alisema. "Halijawahi kuwa hapa. Nilikosea mimi kuandika, mwenzako akasema halipo, nikamcheka. Siombi unisamehe leo. Nilitaka tu ulijue kutoka kwangu."

Mdiria alimtazama muda mrefu, kisha akamgeukia fundi. Alimwashiria asogee. Fundi akainama, sikio likagusa midomo.

"Anasemaje?" aliuliza Inspekta.

Fundi wa miwani alikuwa akilia waziwazi, kamasi na vyote. "Anauliza kama nimelipata."

"Mjibu basi."

"Hapana, dada," alisema fundi. "Hakuna aliyelipata."

Saa kumi na dakika nane. Mpiga mbizi alikuwa akifunga mguu kwa ubao. Inspekta alipiga namba, na simu ikapokelewa kabla ya mlio.

"Mama, ni mimi. Niko naye. Yu hai. Mguu umevunjika, na sauti imemkauka, hawezi kuongea."

Mama akasema, kwa sauti kavu ya mtu ambaye kwa siku mbili amekataa kudanganywa, "Niwekee sikioni mwake."

"Hawezi kukujibu, Mama."

"Niwekee."

Inspekta aliiweka simu shavuni pa binti, katikati ya sikio na mdomo. Binti alifungua kinywa. Alijaribu mara mbili, mishipa ikamtoka shingoni, na kilichotoka ni pumzi tu, nzito, inayokatikakatika.

Simu ilikuwa na sauti kubwa kiasi cha wote kusikia.

"Basi, basi," alisema Mama. "Usijisumbue. Ni wewe. Nimekusikia."